Leso ya Udaga

Jumatatu, 8 Julai 2024. Bunda.

Baba mdogo Enoka amefariki. Leo asubuhi, kwake Kiabakari, akiwa anakunywa uji. Simu aliipokea mke wangu, Rhobi. Alikaa chini palepale, akajifunika khanga usoni, akalia mpaka majirani wakajaa uani. Mimi nilisimama mlangoni na mswaki mdomoni. Nikasubiri machozi. Hayakuja!

Nikaanza kuifikiria mashine.

Ndiyo, mashine. Baba mdogo alikuwa na mashine ya kusaga kando ya barabara ya Musoma. Mahindi, mtama, na hasa udaga, ile mihogo iliyovundikwa ikakaushwa. Kiabakari nzima inakula ugali wa mashine ile. Marehemu hakuacha mtoto. Ameacha mjane, mama mdogo Tabitha, ambaye hata swichi anaiogopa. Kwa hiyo ukoo utakaa, utachagua mtu wa kuiendesha kwa niaba yake. Atakayechaguliwa ameula. Mimi nimefuga kuku wa kisasa, kideri kikawamaliza. Nimekodisha viti vya sherehe, vikaenda harusini visirudi. Sasa ni zamu yangu.

Tuko wawili tu wa kufikiriwa. Mimi na Gasper. Baba yangu, baba yake Gasper na marehemu walinyonya ziwa moja. Lakini marehemu alimpenda Gasper. Tulipokuwa wadogo tulikwenda kwake likizo. Gasper aliruhusiwa kuingia ndani, kupakua unga, hata kugusa mkanda wa mashine. Mimi nikichungulia tu, natolewa nje. Nakalishwa kwenye benchi upenuni, nabandikwa kitambaa kilicholowa usoni kama mtoto mchanga, naambiwa nitulie. Gasper anatoka mweupe kwa unga, ananicheka. Sijasahau! Zaidi ya miaka thelathini na bado naliona lile benchi.

Tatizo ni kulia. Kwetu mfiwa anaanza kulia tangu njia panda, kabla hajaliona hata turubai. Wamama wanaosonga ugali wanageuka kumtazama. Jioni wanajadili. Fulani amelia kwa uchungu, fulani amekuja kama anakuja gulioni. Na wazee wanasikia. Mwenye macho makavu hapewi mali ya marehemu, anaulizwa marehemu alikufaje. Na mimi tangu nizaliwe sijui kulia mbele za watu. Baba yangu mzazi alipokufa walisema nina moyo wa jiwe.

Nimejaribu kitunguu. Jikoni, mlango nimeufunga. Rhobi akafungua, akanikuta nimekibana jichoni. Akauliza kama ninapika.


Jumanne, 9 Julai. Kiabakari.

Siku mbaya, kisha nzuri mno.

Kitunguu nilikiweka mfukoni. Nilipofika njia panda nikakitafuta, wakati huohuo mama mmoja wa jikoni akaja kunipokea, akakiona mkononi mwangu. Alinishukuru kwa kukumbuka mboga. Akakichukua! Nikaingia msibani na macho makavu kama nimetoka kulala. Wamama waligeuka, wakatazama, wakageukia vyungu vyao. Niliona wazi kwamba nimeshahesabiwa.

Halafu akaja Gasper. Alisikika kabla ya kuonekana. Alianguka mara ya kwanza njia panda. Akainuliwa. Akaanguka tena karibu na turubai, safari hii akachagua penye nyasi. Wamama wakaanza kulia upya. Mtu akamletea maji. Mimi nilikuwa nina kiu tangu asubuhi na hakuna aliyeniuliza.

Mchana nikatumwa chumba cha mashine kuchukua unga wa ugali. Mara yangu ya kwanza kuingia ndani! Vumbi jeupe kila mahali, ukutani, kwenye utando wa buibui, juu ya magunia. Nikavuta gunia la udaga. Vumbi likanishukia lote. Nikafuta uso kwa kiganja, kiganja chenyewe kimejaa unga.

Mara kuwasha. Kuwasha! Kama upupu umepakwa kwenye kope. Nikasugua. Kukazidi. Machozi yakaanza kumiminika, kamasi, chafya mfululizo. Nikatoka mbio, debe la unga begani, sioni mbele. Nikajikwaa kwenye kamba ya turubai, nikaenda chini mzimamzima, miguuni pa mama mdogo Tabitha.

Yowe! Wamama wote. Mama mdogo akanikumbatia. Baba mkubwa Clementi, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo sasa, akavua kofia yake. Akasema kwa sauti kwamba kumbe kijana huyu alikuwa ameyafungia ndani. Nikaletewa maji, tena kwa glasi. Gasper alikunywa kwa kikombe cha plastiki.


Jumatano, 10 Julai. Kiabakari.

Tumemzika.

Maandalizi yangu yalikuwa ya kitaalamu. Kabla watu hawajaamka vizuri nilirudi chumba cha mashine, nikachota unga wa udaga kidogo, nikaufunga kwenye pembe ya leso. Mchungaji alipofungua Biblia nikajifuta macho. Mto! Kola ililowa. Niliharibu sala kwa chafya, lakini mchungaji alinyamaza kwa heshima, akasubiri nimalize huzuni yangu. Baba mkubwa Clementi alinishika mkono muda wote. Gasper sauti ilishamkauka jana. Alisimama pembeni akitoa mlio kama bawaba ya mlango, bila tone hata moja.

Jambo moja tu. Walipolishusha jeneza nilitaka kuona. Nilifungua macho kwa nguvu, nikaona ukungu na watu kama vivuli. Nilisikia udongo. Sijui hata kichwa chake kimelala upande gani.

Jioni macho yana mchanga ndani yake. Kope zimevimba. Lakini wamama wa jikoni wamenipa kichwa cha sato, kikubwa.


Ijumaa, 12 Julai. Kiabakari.

Nimekamatwa na Dafroza.

Huyu ni binti wa shangazi yetu, muuguzi katika kituo cha afya hapa wilayani Butiama. Mtu wa kuingilia mambo. Alinitazama wakati wa chai, akanishika kidevu mbele za watu kama ananunua mbuzi, akanipeleka kituoni kwake. Nikamweleza kwamba ni huzuni. Alicheka. Alisema, "Kaka Masatu, huzuni haiwashagi."

Akaniambia hii ni aleji ya macho, kitaalamu wanaita mzio. Vumbi linaingia jichoni, mwili unalidhania adui, unaanza vita usivyovihitaji. Ndiyo hayo machozi, wekundu, kope kuvimba, na kuwasha. Kuwasha ndiko kunakoitambulisha. Ingekuwa ugonjwa wa vijidudu, mara nyingi ungeanza jicho moja, na usaha ungeyagandisha macho asubuhi. Akauliza kama kuna kitu nikikigusa yanaanza. Nikasema hakuna. Akauliza kama nimeingia mashineni. Nikasema sijakanyaga. Akaitazama kola yangu kwa muda mrefu. Kola ilikuwa na unga.

Akatoa masharti. Nikae mbali na vumbi. Ninawe uso na mikono kwa maji safi. Nijiwekee kitambaa safi cha maji baridi machoni. Nisisugue, kusugua kunaongeza moto, na kunakwangua kioo cha jicho. Akanipa dawa ya matone ya aleji, akasema nisitegemee ya dukani, maana kuna dawa inayosafisha jicho upesi likawa jeupe huku ndani linaoza, na hiyo, akanitajia na jina lake, haiguswi mpaka daktari aangalie kwanza. Mwisho akasema nikisikia maumivu, au mwanga unaniumiza, au naona ukungu usiotoka, nisilale nayo. Niende Musoma siku hiyohiyo.

Nilisikiliza kwa makini sana. Hakuna mtu aliyewahi kunipa ramani nzuri namna hii! Nisisugue: nitasugua. Nikae mbali na vumbi: nimelifunga kwenye leso. Matone yake nimeyatia mfukoni, hayajafunguliwa. Kikao cha ukoo ni Jumamosi ya wiki ijayo, siku ya kumaliza matanga. Mpaka hapo sitaki kupona.


Jumapili, 14 Julai. Kiabakari.

Nimeipitiliza leso. Leo asubuhi macho yamefumba kabisa, kope kama maandazi.

Kanisani nilikaa katikati ya akina mama wa kwaya. Sikujua mpaka waliposimama kuimba. Baada ya ibada nikamshika mkono mchungaji, nikamwomba kwa unyenyekevu aniombee Jumamosi, ili wazee wamwone yule anayestahili mashine na sio yule mnafiki anayeangukia nyasi. Mchungaji akauminya mkono wangu, akakaa kimya. Alikuwa Gasper!

Sasa naye anajua kwamba nawania. Mchana nimesikia vicheko upande wa vijana, na jina langu ndani yake. Sikuweza hata kuona ni akina nani. Nahitaji macho. Siwezi kupigana na mtu nisiyemwona.

Matone ya Dafroza yanataka subira, mwenyewe alisema. Mimi sina subira. Kesho nakwenda Bunda kwa kisingizio cha kubadili nguo.


Jumatatu, 15 Julai. Bunda.

Nimepata ile dawa nyingine. Ile hasa aliyoikataza.

Dada wa dukani aliuliza karatasi ya daktari. Nikasema daktari aliandika, ila karatasi imelowa machozi. Akasita. Akasema hiyo siyo ya kuchezea, nirudi kwa daktari wangu aandike upya. Nikatoa leso, nikajifuta mara moja, nikamwonyesha msiba wangu ulivyo. Alinionea huruma mpaka akasahau swali lake. Nimetia matone hapohapo barazani. Nyumbani Rhobi akaiona chupa, akaniuliza ya nini. Nikasema ametoa Dafroza.


Jumanne, 16 Julai. Kiabakari.

Maajabu! Macho meupe. Kope zimeshuka. Hayawashi hata kidogo. Nimemwona Gasper kwa mara ya kwanza tangu Jumapili, na nikagundua amenyoa kichwa upara, kabla hata ya siku ya kunyoa. Ujanja huo!

Lakini furaha ilikuwa fupi. Baba mkubwa Clementi alinitazama, akasema anashukuru kuona nimeshapoa. Nimeshapoa! Nyuma yangu mama mmoja akasema kwa mwenzake kwamba wengine wanasahau mapema. Wiki moja ya kazi, imeliwa na matone mawili.

Nimerudi chumba cha mashine. Leso haitoshi tena, dawa inaizuia. Kwa hiyo nimeuchukua unga kwa ncha ya kidole, nikauweka ndani ya kope ya chini, kisha nikasugua kwa nguvu. Machozi yamerudi, na wekundu wa kutisha. Baba mkubwa ameniambia nisijilaumu.

Nimejipangia utaratibu. Unga asubuhi, kwa ajili ya wazee. Matone jioni, kwa ajili yangu, nipate kumwangalia Gasper. Kila kitu kwa wakati wake. Sijui kwa nini watu wanasema sina mpangilio.


Alhamisi, 18 Julai. Kiabakari.

Jicho la kulia linawasha. La kushoto haliwashi tena. Linauma.

Siyo maumivu ninayoyajua. Kama mwiba wa mkakaya umeingia ukakatikia ndani. Jua siliwezi. Nimekaa nyuma ya nyumba nikiangalia ukuta, majirani wakadhani naomboleza. Hilo limenisaidia.

Rhobi amekuja leo kwa ajili ya kumaliza matanga. Akanifunua mkono usoni, akatazama, akaruka nyuma. Alisema katikati ya weusi wa jicho kuna doa jeupe, dogo kama punje ya mtama. Akampigia Dafroza. Dafroza alikuwa semina Bunda, lakini niliisikia sauti yake kwenye simu kutoka nilipokaa. Musoma, leo, sasa hivi. Akauliza natumia dawa gani. Rhobi akamtajia jina lililoandikwa kwenye chupa.  Dafroza akapaza sauti, nisitie tone jingine la chupa hiyo maishani mwangu.

Nikamwambia Rhobi ni Jumamosi tu. Kikao kikiisha tunakwenda. Jicho halina miguu, halitakimbia. Rhobi alilia. Aliniambia kwamba ukoo ukinipa mashine nikiwa kipofu, yeye ndiye atakayenishika mkono kila asubuhi kunipeleka, anikalishe kati ya magunia, na wateja watanihesabu kama gunia mojawapo. Nilimwambia awe na imani. Amekaa mlangoni amenigeuzia mgongo.

Nimeogopa. Naandika hivi mara moja tu. Nimeogopa sana.


Jumamosi, 20 Julai. Kiabakari.

Kikao.

Tulikaa uani, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka. Nilijifunga kitambaa jicho la kushoto. Kilikuwa kinalowa, lakini siyo machozi, kitu kizito cha njano. Kichwa kilikuwa kinagonga. Nilijikaza.

Baba mkubwa Clementi alifungua kwa sala. Kisha akanisema. Alinisema vizuri, jamani! Alisema msiba unaonyesha watu. Kwamba wapo waliolia siku moja, na yupo ambaye hajaacha kulia mpaka jicho lake limeugua. Kwamba yeye moyo wake, kama mkubwa wa ukoo, unaelekea upande mmoja. Nilimtafuta Gasper kwa jicho lililobaki. Alikuwa ameinamisha upara wake chini.

Ndipo mama mdogo Tabitha akaomba nafasi. Ni mwanamke wa sauti ndogo. Nayaandika maneno yake kama alivyoyasema.

"Mimi sina neno na Masatu, ni mwanangu. Lakini marehemu alikuwaga anasema, mashine hii Masatu asiingie. Siyo kwa ubaya. Macho yake yanakataaga unga, tangu mdogo. Akichungulia tu yanavimba. Ndiyo maana alikuwa anamkalisha kwenye benchi na kitambaa cha maji ya mtungi. Wateja wamejaa mpaka barabarani, yeye anazima mashine, anatoka, anakilowesha kile kitambaa, anamrudishia, ndiyo anawasha tena. Watu walikuwa wanamsema sana. Hakujali. Alikuwa ananiambia, Tabitha, huyu mtoto nikimwachia asugue atapofuka."

Kisha Dafroza akasimama. Sikujua kama amefika. Akaeleza aleji yote, kuanzia vumbi mpaka machozi. Hakunitukana. Alisema tu kwamba ameona unga kwenye kola yangu na kwenye leso yangu, na kwamba mtu wa namna hii akifanya kazi mashineni, hata jicho la pili atalipoteza. Alisema hayo kwa kunionea huruma, nadhani. Alidhani ananiokoa.

Shangazi mmoja akauliza kwenye mkeka, kwa hiyo alikuwa halii? Baba mkubwa Clementi aliinua kofia yake kutoka kwenye goti. Akaivaa.

Nilisimama kujitetea. Nilitaka kusema kwamba nilimpenda. Nikafungua mdomo, kitambaa kikadondoka, na wote wakaliona jicho. Mtoto mmoja akalia kwa woga.

Wamempa Gasper. Na wamekubaliana, kwa kunyoosha mikono, kwamba Masatu asikanyage tena mlango wa mashine, kwa usalama wake. Gasper naye alinyoosha. Kisha akaja, akanishika mkono, akanipeleka kwenye gari walilolipata la kunipeleka Musoma. Njia nzima hadi kwenye gari alikuwa analia. Machozi ya kweli! Bila unga! Yaliniuma kuliko jicho.


Jumatatu, 22 Julai. Musoma.

Hospitali. Naandika kwa kubahatisha, Rhobi ananishikia mstari.

Daktari ni kijana mpole. Alinimulika, akaandika, akamulika tena. Alisema kioo cha jicho la kushoto kina kidonda kikubwa. Unga ulikikwangua, na kwenye unga wa mimea kuna fangasi. Aleji peke yake isingefika huku. Ni msuguo, na ile chupa ya Bunda. Ile dawa ililifanya jicho lisiwe jekundu kwa kuwalaza walinzi wake wote, na walinzi walipolala fangasi wakajilia. Nilipoona jeupe nikadhani nimepona.

Aliuliza nilikuwa nautia unga kwa sababu gani. Nikasema mila. Akaandika.

Rhobi akauliza kama litaona. Daktari akasema watapigania lisitolewe. Kuona, hawezi kuahidi. La kulia ni zima, lina aleji tu, na aleji inatibika. Nitie matone yaleyale aliyotoa Dafroza, nikae mbali na kinachoniwasha, nisisugue, basi. Limebaki moja, nalo liko mikononi mwangu, ndivyo alivyosema.


Jumatano, 24 Julai. Musoma.

Upepo wa ziwa unaingia dirishani, sioni ziwa lenyewe. Kwenye kitanda cha jirani kuna mzee Mihayo, mvuvi wa Bukima, naye amefungwa bandeji. Amegeukia ukutani, amelala.

Asubuhi jicho la kulia liliwasha. Muuguzi akaja na kitambaa cha maji baridi, akanibandika. Akaniambia nitulie, nisisugue.

Maji baridi. Uzito ule. Na mkono juu yake, ukikibonyeza taratibu ili kishike.

Nikalisikia benchi. Kweli kabisa, nikalisikia chini yangu, na mbao yake iliyopinda. Nikasikia mashine inazimwa. Nikasikia watu wakilalamika foleni, na ndara zake zikija, pa, pa, pa, kuja kwangu. Alikuwa anakuja kwangu. Miaka yote nimesema alikuwa ananifukuza.

Nililia. Sikuwa na unga, sikuwa na kitunguu. Nililia mpaka kitanda kikatikisika, kifua kikaniuma, muuguzi akakaa akanishika bega. Baba mdogo Enoka amekufa na mimi sikuona alipolazwa. Nililia kwa ajili ya hilo kwa muda mrefu sana.

Kisha nikatulia, na ndipo nikagundua hasara. Machozi yote hayo! Ya kweli! Na ukoo mzima uko Kiabakari! Shahidi ni mzee Mihayo, naye kalala! Nikapapasa simu haraka kabla hayajakauka. Nikajirekodi dakika nzima nikilia, nikataja jina la marehemu, nikatuma kwenye kundi la ukoo. Nikasubiri.

Baba mkubwa Clementi amejibu. Ameuliza feni ile ni ya nani. Nilikuwa nimerekodi dari.


Jumapili, 11 Agosti. Bunda.

Nimerudi nyumbani. Jicho la kushoto halikutolewa, lakini limezimika. Mbele yake kuna weupe tu, kama maziwa. Nikimimina chai inaenda mezani. Rhobi ananitilia matone jicho la kulia kila asubuhi, ameficha chupa nyingine zote ndani ya nyumba, hata ya manukato. Gasper anatuletea unga. Anautuma umefungwa mara mbili, ameandika juu tufungulie nje. Wanasema mashine inafanya kazi vizuri na lile benchi ameliacha palepale.

Daktari aliniona juzi. Amefurahi. Jicho la kulia halina wekundu hata kidogo. Alinisifu.

Leo baada ya ibada nilikwenda kumsalimia baba mkubwa Clementi. Anakohoa. Anakohoa vibaya, nilimsikiliza kwa makini. Tulikaa karibu na zizi. Ana ng'ombe wengi mzee huyu, wengi kuliko nilivyokumbuka, na watoto wake wote wako Dar, watu wa kuja msibani na miwani ya jua, kulia hawajui. Ng'ombe mmoja alipita akanisugua begani. Nikajifuta uso.

Mara kuwasha. Jicho la kulia. Kulekule!

Sikusugua. Mimi sasa ni mtu mzima, nimejifunza. Nilinawa maji ya mtungi, nikakaa na kitambaa cha maji baridi mpaka kukatulia, na mzee akanisifu kwa busara. Alipoingia ndani kuchukua dawa yake ya kikohozi, nilimrudia yule ng'ombe, nikamkwaruza mgongo, nikapata manyoya kiasi. Nimeyafunga kwenye pembe ya leso mpya. Iko chini ya godoro, Rhobi hajui.

Namwombea mzee maisha marefu, kwa moyo wote. Matone natia asubuhi na jioni, sikosi. Jicho moja, likitunzwa vizuri mpaka siku yenyewe, linatosha msiba mmoja.